Kwa Nini Hatumpigi Dereva

Vijana wangu, kanuni zenu nimezisoma. Mwenzenu Mwantumu alinishikia simu, mimi nikavaa miwani, tukashuka nazo moja moja mpaka mwisho. Ni nzuri. Breki zikaguliwe kabla ya kuondoka, helmeti kichwani, watu wapange mstari mmoja barabarani, simu zikae mfukoni, asiyeijua njia asitangulie. Sina pa kukosoa. Ila mmeniuliza kama ile kanuni ya zamani, ile isemayo "Hatumpigi dereva," tuiondoe, kwa sababu safari hii mtakuwa na wageni kutoka Dar es Salaam na mnaona haya. Mnasema inawafanya watu wa Bagamoyo waonekane wakorofi.

Msiiondoe. Nitawaambia ilikotoka. Lakini mnanijua, mimi nikifungua mdomo napitia kwanza kwa jirani ndipo nifike nyumbani, kwa hiyo mnivumilie.

Nimekuwa fundi baiskeli mji huu tangu kidevu changu kikiwa laini. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mbaraka, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo hata siku ya Idi havikutakata. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja: baiskeli haitoki kwake kama breki hazishiki, hata kama ulichompelekea ni pancha tu. Siku moja alikuja muuza samaki na tenga lake nyuma, maji yanachuruzika mpaka kwenye gurudumu.

"Fundi, nifungie mnyororo tu nikawahi. Breki ziache, mimi nasimama kwa ndala."

Fundi Mbaraka akamtazama miguuni. "Basi baiskeli yako nzima," akamwambia. "Vua ndala nizitengeneze."

Watu waliokuwa barazani walicheka, na muuza samaki mwenyewe akacheka, lakini hakuondoka mpaka breki zilipofungwa. Alipokwenda, Fundi Mbaraka akanigeukia. "Kwenda, baiskeli inajua yenyewe. Iache kwenye mteremko uone. Kinachohitaji fundi ni kusimama." Wakati ule nilidhani anazungumzia vyuma.

Misafara hii ya Jumamosi ilianza nikiwa nimeshakuwa mtu mzima mwenye kibanda changu. Walioianza walikuwa vijana kama nyinyi: waalimu, mafundi rangi, wauza duka, na mabinti wawili watatu waliokuwa wakisoma uvuvi kule Mbegani. Baada ya sala ya alfajiri wanakutana, wanazunguka mjini, wanakwenda Kaole au Mbegani, wanarudi jua halijawa kali. Mkuu wao alikuwa Kibwana, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Alikuja kibandani akaniomba niwe nawafuata nyuma na vifaa vyangu, mtu akipata pancha asiachwe njiani. Ndivyo nilivyopata kazi ya mkia.

Kazi ya mkia ina elimu yake, na kwa kuwa mtamweka mtu hapo, mwambieni haya. Abebe tyubu nzima, si gundi na kiraka peke yake, kwa sababu kubandika kiraka juani na watu wamesimama wanakutazama ni kujitafutia dhambi ya hasira. Kabla ya kuingiza tyubu mpya apitishe kitambaa ndani ya tairi, kinase mwiba uliotoboa ile ya kwanza. Asipitishe kidole, mwiba haumjui fundi. Na mtu aliyechoka asimuulize, "Umechoka?" Atajibu hapana, hata kama roho iko puani. Amuulize jambo lenye jibu refu. Harusi ya juzi ilikuwaje? Akianza kukuhadithia, twendeni. Akikujibu "nzuri" akanyamaza, tafuteni kivuli.

Helmeti mwanzoni zilitusumbua. Mzee Digalu, fundi seremala, alikuwa havui kofia yake ya mkono, basi akaivaa helmeti juu ya kofia, ikakaa kama chungu juu ya chungu. Kila akigonga shimo inamshukia machoni. Tulimbembeleza mpaka akakubali kuitia kofia mfukoni, kwa sharti kwamba tukipita msikitini tusimame aibadilishe. Tulisimama. Kanuni ikimdhalilisha mtu ataikimbia. Ukimtafutia njia ataishika.

Na Kibwana, nataka mumjue vizuri kabla sijafika ninapokwenda. Asubuhi moja tulikutana na jeneza njia ya Kaole. Wale wa mbele walikuwa katika mwendo, wanaimba. Kibwana alishuka kwenye baiskeli, akavua helmeti, akainua mkono, na msafara mzima ukasimama kimya kando. Yeye mwenyewe alikimbia akatia bega chini ya jeneza hatua kadhaa kama desturi inavyotaka, akarudi. Hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo mtakaposikia alichokifanya siku ile nyingine, msimhukumu haraka.

Sasa Bi Zaina. Huyu alikuwa mjane wa mtaa wa nyuma yangu, mpika vitumbua. Jumamosi vitumbua vyake anamwachia jirani amuuzie, anakuja na baiskeli ya marehemu mumewe, ile kubwa yenye mtarimbo katikati. Nilimtafutia fremu ya kike, tukahamisha magurudumu, na gurudumu la nyuma nikalifuma kwa uzi wa nailoni, pande zote mbili, kuanzia kwenye madigadi mpaka kwenye ekseli, ili baibui lisiingie kwenye spoku. Mabinti mnaovaa mabaibui, uzi ule bado ni dawa. Atakayetaka aje nimfumie, mikono ingalipo. Walikuwapo waliosema kwamba mama mtu mzima kupanda baiskeli ni kituko. Yeye aliwajibu jibu moja tu: "Mume wangu kaniachia baiskeli. Nimwachie nani, kutu?"

Alikuwa wa mwisho siku zote. Yeye, halafu mimi. Mwanawe Chande alikuwa wa mbele siku zote. Fundi rangi, miguu kama ya swala, baiskeli nyembamba ya mtumba aliyoikwaruza rangi yote akaipaka upya kwa mkono wake. Mama na mwana walikuwa wakitoka nyumba moja asubuhi, na wasionane tena mpaka mwisho wa safari. Vijana wa mbele walinung'unika kumsubiri. Chande hakunung'unika, lakini pia hakupunguza mwendo. Alikuwa akiona haya kidogo, nadhani, si kwa ubaya. Kijana wa umri ule humwonea haya mama yake kwa kuwa yupo tu.

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Makurunge. Lami nzuri, asubuhi ya kiangazi, upepo unatusukuma mgongoni. Mahali pana mteremko mrefu, na mteremko, vijana wangu, ndio huupasua msafara. Mwenye miguu na asiye na miguu wote wanakwenda, lakini mwenye miguu anaongeza. Wale wa mbele wakatuacha. Mimi na Bi Zaina tulibaki juu, ananihadithia mkwe wa jirani yake aliyekuja kuposa na koti la kuazima, tunacheka. Mara nikasikia honi ndefu huko chini. Halafu kimya. Halafu makelele.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Labda mnyororo," nikamwambia, na huku nikijua kwamba mnyororo hauwapigishi watu kelele za namna ile. Tukakanyaga.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa na Chande mwenyewe, na wenzake pia. Walikuwa wakienda watatu sambamba, wanazungumza, Chande upande wa katikati ya barabara. Nyuma yao kikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa mananasi ya Kiwangwa. Dereva akapiga honi, akaona wamesogea, akaanza kuwapita. Papo hapo mbuzi akachomoka majanini. Chande akamkwepa mbuzi. Hakugeuza shingo, hakunyoosha mkono, akaingia katikati ya barabara, na ubavu wa gari ukaupata usukani wake. Alirushwa, akaangukia mguu.

Dereva akasimama mbele kidogo. Nataka mlisikie hili. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari jingine, angeweza kukanyaga mafuta akatokomea, na wako wengi waliofanya hivyo, wengine si kwa uovu bali kwa kuogopa watakachofanyiwa. Yeye alishuka, akarudi mbio kwa miguu mpaka pale Chande alipolala.

Na Kibwana, mwalimu wetu, mwenye moyo wake mkubwa, alipomwona Chande hajitikisi akashika kichwa akapiga ukelele: "Kamuua! Jamani, kamuua!"

Neno hilo, kijijini, halihitaji lingine. Watu wakatoka mashambani na majembe na mapanga yao mikononi, kwa sababu ndivyo walivyokuwa navyo, walikuwa wanalima. Bodaboda mbili tatu zikasimama. Sisi tulipofika, dereva ameshabanwa kwenye mlango wa gari lake. Alikuwa kijana mdogo, jina lake nilikuja kulijua baadaye, Yohana, mtu wa bara aliyekuja kutafuta maisha huku pwani. Shati limechanika, mdomo unatoka damu. Anatazama tu huku na huku kama mtu anayetafuta sura moja anayoijua.

Bi Zaina hakuiegesha baiskeli, aliiacha ikaanguka. Alikwenda kwanza kwa mwanawe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili, namshika kichwa asikitikise. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Chande. Mimi mama. Unanisikia?"

Chande akafumbua macho. "Nakusikia, mama. Mguu."

"Wapi pengine?"

"Mguu tu."

"Kifuani je? Shingoni?"

"Hapana, mama. Mguu."

Akavua mtandio wake, akanipa nimkinge Chande jua usoni. Halafu akainuka. Mimi nilidhani anakwenda kulia, au kumrukia yule kijana, na hakuna ambaye angemlaumu. Watu pia walidhani hivyo, kwa sababu walimpisha njia ili afike. Alifika, akamgeuzia dereva mgongo, akasimama baina yake na watu.

"Nani kawaambia mumpige?"

"Mama, huyu ndiye aliyemgonga mwanao!" mmoja akamjibu.

"Mwanangu nimemwona, yule pale. Nani kati yenu kampelekea hata kivuli?"

Waliokuwa mbele wakageuka kumtazama Chande.

"Mimi ndiye mama. Mimi sijasema mumpige. Na huyu naye anaye mama yake huko aliko, hajui kama mwanawe kasimama hapa. Msinilazie watoto wawili barabarani."

Kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda, ameshatoa kiberiti, anazunguka gari. "Basi tulichome gari tu, mama, liwe funzo!"

Bi Zaina akamgeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lichome, baba. Halafu umbebe Chande mgongoni mpaka hospitali."

Nimeishi sana, sijaona umati ukisimama kama ule ulivyosimama. Watu walitazama barabara, huku na huku. Hakukuwa na gari jingine. Yule kijana akatia kiberiti mfukoni, yeye mwenyewe akaenda kufungua bodi ya nyuma. "Mananasi yashushwe," akasema, kama vile wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Na wale wale waliokuja na mapanga wakayalaza chini, wakapanga mstari wakaanza kupokezana mananasi. Wakayarundika ukingoni, na mzee mmoja wa pale akajitolea kuyalinda. Baadaye tuliambiwa halikupungua hata moja. Mimi sikuyahesabu, na Yohana naye hakuyahesabu.

Mguu niliufunga kwa pampu yangu upande mmoja na mpini wa jembe upande wa pili, katikati nimetia kanga iliyokunjwa, nikafunga juu na chini ya palipovunjika, si palepale. Sikujaribu kuunyoosha. Mtu mmoja alileta maji ya kunywa, nikamwambia amlowanishe midomo tu, maana huenda watampasua. Tulimwinua watu sita kwa pamoja juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha shambani, mmoja akihesabu, wote tukiinua kwa sauti yake. Hayo yote naona mmeyaandika, na mmeandika vizuri kuliko tulivyofanya sisi. Lakini liongezeni moja: kabla gari halijasogea, Kibwana nilimwita nikamwambia abaki pale na wenzake wawili, waweke mawe palipolala baiskeli, palipoanguka Chande, na kwenye kila gurudumu la gari. Alikuwa analia. Kazi ya mawe ilimsaidia. Mtu aliyechanganyikiwa mpe cha kufanya kwa mikono.

Hakuna mwingine aliyejua kuendesha gari. Yohana akaingia kwenye usukani, mimi nikakaa pembeni yake, Bi Zaina nyuma na mwanawe. Ufunguo ulimshinda yule kijana kuuingiza, nikamshikia.

"Mzee," akaniambia tulipoondoka, "nikifika mjini wataniua?"

"Hawakuui. Hapa nipo mimi, na nyuma yupo mama yake."

"Sikumwona, mzee. Wallahi," akasema, yeye Mkristo, kiapo cha kwetu kilimtoka kwa woga. "Nilipiga honi."

"Nilisikia honi. Endesha polepole. Tukifika tutasema."

Kule nyuma nilimsikia Bi Zaina akimsomea mwanawe dua, na kila gari likiruka tuta Chande anapiga ukelele, na kila akipiga ukelele Yohana anafumba macho kidogo. Ikabidi nimwambie: "Mwanangu, macho fumbua. Maumivu ni yake, njia ni yako."

Hospitalini walimpokea upesi. Yohana alikwenda mwenyewe kituoni, nikafuatana naye. Walimweka ndani, ndiyo utaratibu, mpaka yule aliyegongwa aweze kuhojiwa. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa sababu damu ilikuwa imeshakauka na watu wamepata nafasi ya kufikiri.

Mjomba wake Chande alikuja. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anampenda mpwa wake. Alikaa kando ya kitanda na kusema maneno ambayo wengi wangesema. "Mwanangu, wewe umevunjika mguu, yeye mzima. Akija askari mwambie ulikuwa ukingoni mwa barabara. Basi. Wenzako hawawezi kukupinga."

Bi Zaina alikuwa amekaa miguuni pake, anapepea nzi kwa upindo wa kanga, naye hakusema neno. Nilitaka sana aseme. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema, akanijibu: "Ningemwambia mimi, ungekuwa ukweli wangu. Nilitaka uwe wake."

Askari wa usalama barabarani alikuja jioni, bwana mmoja mpole mwenye kalamu sikioni. Akamuuliza Chande ilikuwaje. Chande akamtazama mjomba wake, akasema: "Mjomba, unisamehe." Halafu akamgeukia askari. "Tulikuwa watatu sambamba. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa katikati ya barabara. Nilimkwepa mbuzi bila kutazama nyuma. Yeye alipiga honi, nilimsikia, nikadhani ameshapita."

Askari akaandika, akauliza tena kama alichosikia ndicho, Chande akasema ndicho. Na mawe ya Kibwana yalikuwa yamesema vilevile. Mjomba aliinuka akatoka nje bila kuaga. Alirudi baada ya muda na chungwa lililomenywa, akampa Chande kipande kipande mkononi, na jambo lile halikuzungumzwa tena baina yao. Asubuhi Yohana aliachiwa.

Chande alifungwa hogo la plasta kutoka pajani, akakaa nyumbani siku nyingi akiwa na magongo. Ijumaa moja baada ya sala nilikuwa pale kwao, tukasikia hodi. Yohana, kasimama mlangoni na nanasi kila mkono, haingii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, nimekuja kuomba..."

"Umekula?"

"Bado, lakini mama, nilitaka kwanza..."

"Ingia ule. Utaomba ukiwa umeshiba."

Akaingia, akala, na walipokaa pamoja yeye na Chande hawakujua waanze wapi, kila mmoja anatazama sahani yake. Mwisho Yohana akauliza: "Hivi yule mbuzi ilikuwaje?"

"Mbuzi!" akasema Chande. "Mbuzi alivuka. Hata unyoya haukumkatika."

Wakacheka mpaka Chande akashika mguu kwa maumivu.

Kibwana ndiye aliyeumia muda mrefu kuliko wote. Mguu huunga, neno halirudi kinywani. Tulipokutana uwanja wa shule kuzungumza kama misafara iendelee au ife, alisimama akasema anaacha uongozi. "Mimi ndiye niliyewaita," akasema. "Bi Zaina angechelewa kidogo, yule kijana angekufa kwa mdomo wangu." Wazazi wengine walitaka misafara isimamishwe kabisa. Bi Zaina ndiye aliyezungumza, kutoka kule nyuma alikokuwa amekaa na wanawake wenzake.

"Mwalimu, ulisema kwa hofu. Kaa sasa uandike kwa utulivu."

Kibwana akakaa, akaandika. Ile kanuni ni mkono wake. Neno kwa neno ilikuwa hivi: Ajali ikitokea, hatumpigi dereva na haturuhusu apigwe, hatusemi nani mwenye kosa, tunauliza wapi panauma. Nyinyi mmefupisha mkabakiza maneno mawili tu, ndiyo maana yanaonekana ya aibu. Rudisheni yote. Wageni wakiuliza, waelezeni. Hakuna mji ambao watu wake hawawezi kupiga mtu wakiogopa. Kibwana aliweza kuanzisha, na yeye ndiye aliyetia bega chini ya jeneza la mtu asiyemjua. Kanuni haikuandikwa kwa ajili ya watu wabaya. Iliandikwa kwa ajili ya watu wazuri siku wanapopotewa na akili.

Misafara iliendelea. Bi Zaina alirudi msafara wa kwanza kabisa, na mimi nyuma yake kama kawaida, na tulipofika kwenye ule mteremko alinyamaza, mimi pia nikanyamaza, mpaka tukaumaliza. Chande alichukua muda. Mguu uliunga na upungufu kidogo, anachechemea mpaka leo, mnamwona. Nilimwinulia pedali ya upande ule kwa kipande cha mbao ili asijinyooshe kupita kiasi.

Asubuhi aliyorudi, wale wa mbele walimpigia makofi wakamwachia nafasi yake ya zamani. Akawashukuru, akawapita akirudi kinyume, baiskeli mkononi, msafara mzima, mpaka akafika kwangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umepotea? Mbele kule."

Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anajifanya kufunga kamba ya helmeti.

"Fundi," akaniuliza, "siku zote mkiwa huku nyuma, mnazungumza nini?"

Nikamvulia mkoba wa vifaa, nikamvisha mgongoni. "Panda," nikamwambia, "utasikia."

Niliwaacha watangulie. Hatukufika mbali kabla sijamsikia Bi Zaina anacheka.